Binti yetu ndiye mkalimani

Huu ni mwaka wetu wa 3 ugenini kwa ajili ya Injili, na lugha bado inanitoa jasho. Jana baada ya ibada nilikaa na mama mmoja aliyefiwa, maneno yakaniishia. Binti yetu wa miaka 8 akaja, akamshika yule mama kidole, akawa ananitafsiria polepole. Tukaomba sote watatu. Nimelia njia nzima kurudi nyumbani.

Mtume Paulo alikaa Korintho miezi 18, akifundisha huku akishona mahema na Akila na mkewe Prisila. Siku zetu nyingi ndivyo zilivyo: kufua, masomo ya watoto, foleni za vibali. Tuombeeni jamani, kibali chetu cha kuishi kinaisha mwezi ujao.