Hiyo Tumeshaisikia

Kati ya mwaka 2016 na 2020 niliandika sura ya kwanza ya riwaya yangu mara kumi na moja. Idadi hiyo naijua kwa sababu kaunta buku zote ninazo, ziko uvunguni mwa kitanda. Kila nilipopata nafasi ya kukaa nilianza kwa kusoma nilichokwisha kuandika. Nikiona kasoro narekebisha, kasoro moja inazaa nyingine, saa zinakwisha na mpagazi wangu bado yuko palepale Tendaguru, hajainua hata mzigo.

Riwaya yenyewe ni ya watu waliobeba mifupa. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, huku kwetu Lindi. Mzigo wote, zaidi ya tani 200, ulifika bandarini juu ya vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mjusi mmoja aliyeunganishwa kwa mifupa ile amesimama Berlin mpaka leo, kimo chake kinapita mita 13. Mabwana wa uchimbaji wanajulikana kwa majina na picha. Upande wetu anatajwa msimamizi, Boheti bin Amrani, na wengine wachache. Waliobaki ni idadi tu. Vita ya Majimaji ilizimwa 1907, kwa hiyo wengi waliobeba ile mifupa walikuwa wametoka kuzika watu wao. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, na ndilo lililonitia hofu ya kukosea. Nilitaka sura ya kwanza iwastahili.

Bibi yangu anakaa Mingoyo. Ijumaa nikitoka kazini Lindi mjini huwa naenda kulala kwake. Siku moja akaniuliza, "Mke mwenzangu, hicho unachoandika kila siku, hakisomeki?" Nikamsomea sura ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Ijumaa iliyofuata nikarudi na sura ileile, nimeibadilisha mwanzo, nikiamini sasa imekaa vizuri. Sikufika mstari wa sita. Bibi aliweka ungo chini.

"Hiyo tumeshaisikia. Ikawaje?"

Sikuwa na jibu. Miaka minne nilikuwa sijajiuliza ikawaje.

Usiku ule nikamwinua mpagazi wangu kwa taa ya simu. Aliondoka kilimani, akatembea nusu siku, akapumzika. Kurasa tatu. Ijumaa iliyofuata nilikuwa na kitu cha kusoma, na tangu hapo huo ndio mwendo wetu: kurasa tatu za mkono kwa wiki. Kurasa tatu zinasomeka kabla bibi hajainuka kwenda jikoni, zikizidi anasinzia. Nilichokisoma kimepita, sirudi kukigusa. Mtu aliyekaa mkekani kusikiliza hadithi humwambii subiri, yule kijana wa mwanzo nimemfuta.

Ila makosa yapo, na yana mahali pake. Nina daftari dogo la kando. Sura ya tatu bibi alinikatiza kwa uchungu kabisa: "Umembebesha mwanamume wa watu mfupa siku mbili kichwani, na ngata hukumpa?" Nikaandika kwenye daftari: *ngata, tangu sura ya kwanza*. Halafu nikaendelea na sura ya nne akiwa na ngata yake, kana kwamba alitoka nayo nyumbani. Sura ya sita nikaona anahitaji kaka. Daftari: *kaka yake aonekane kambini mwanzoni kabisa*. Kaka akaingia njiani na hadithi ikasonga. Mahali pengine niliwapa wapagazi ming'oko ya kula jioni, bibi akauliza nani aliyekwenda kuichimba na watu wamefika wamechoka. Swali hilo lilinipa wanawake waliotembea na msafara, na sasa wana sura mbili zao wenyewe. Daftari hilo limefika ukurasa wa arobaini. Siku nikimaliza mswada nitalifungua na kuanza kurekebisha. Mapema zaidi ya hapo, hapana.

Kilichokaribia kuniangusha ni korosho. Mimi ni karani wa chama cha msingi, na minada ikianza Oktoba ni kupokea magunia, kupima, kuandika stakabadhi na kujibu wakulima wanaouliza malipo yameingia lini. Mwaka wa kwanza nilijiambia nitaandika kurasa tatu zilezile hata msimu ukianza. Wiki tatu zikapita bila hata mstari, nikajihisi mdeni, na kwa aibu ya deni nikakaa hadi Februari bila kumsomea bibi chochote. Mwaka uliofuata nilibadilisha mpango. Oktoba mpaka Desemba siandiki sura, naokota. Mkulima akishusha gunia na kuguna kwa namna yake, akisema neno la Kimwera kuhusu mgongo wake, naliandika nyuma ya risiti. Ijumaa nampelekea bibi hayo tu, naye ananieleza lile neno zamani walilitumiaje. Januari nikishika kaunta buku, wapagazi wangu wanaongea vizuri kuliko nilivyowaacha.

Sasa niko sura ya ishirini na tatu. Wiki mbili zilizopita mifupa ilifika Lindi. Nilisoma jinsi makasha yalivyopakiwa na meli ikatoka kwenye ghuba, mpagazi wangu amesimama ufukweni anaitazama. Ndipo nilipopanga tangu 2016 kwamba hadithi iishie, na sauti ilinitetemeka nikisoma.

Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Meli imekwenda, mke mwenzangu. Na yeye anarudije kwao?"

Sikuwahi kulifikiria. Kila nilichokisoma kuhusu Tendaguru kinaifuata meli kwenda Ulaya, na mimi nilikuwa nimeifuata pia, nikamwacha mtu wangu pwani, bega limevimba, na siku zote zile za njia mbele yake.

Jumamosi nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Amenunua chumvi, ameifunga kwenye nguo, ameanza kutembea. Ngata hakuitupa.