Raba ya Kushoto

Fundi viatu wa pale kituoni aliipindua raba yangu ya kushoto, akaipitishia kidole gumba, akaitazama ya kulia, akairudia ya kushoto. "Dada, mbona hii imelika hapa mbele tu, na mwenzake mzima? Unaendesha cherehani?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kibenchi chake bila kukaribishwa. Akaniambia nisubiri nusu saa. Nikasubiri, huku 2017 yote ikinirudia.

Mwaka ule nilipimwa presha. Ilisoma 158 kwa 96, daktari akaandika vidonge, halafu akaongeza kwa mdomo, "Na mazoezi, mama." Ilikuwa miezi michache tu tangu Mama Samia, enzi hizo Makamu wa Rais, ahimize watu wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na mtaani kwetu kila mtu alikuwa na tisheti ya kikundi fulani. Mimi nikaenda Karume, nikavutana na muuza mitumba, nikatoka na raba hizi kwa 15,000.

Nikaanzia jimu moja ya Mikocheni. Vioo kila ukuta, baridi ya kuhifadhia samaki, na kijana anayehesabu kwa Kiingereza kutoka nane kurudi moja, akituhimiza tulegeze viuno. Kiuno gani kitalegea kwenye baridi ile, tena unajiona mara tatu? Mwezi sikuumaliza, na hela hawarudishi. Nikahamia klabu ya jogging. Kukutana saa 11 alfajiri, mchakamchaka kama tuko darasa la nne, nyimbo mpaka Coco Beach. Nilirudi kwa bajaji. Wale watu sina neno nao. Wenye neno ni magoti yangu.

Ndipo shoga yangu wa vikoba akasema, "Njoo Mwananyamala, kwetu hakuna vioo."

Kweli havikuwepo. Ukumbi wa nyuma ya baa, sakafu ya saruji, viti vya plastiki vya vikao vya harusi vimepandanishwa kona, vizibo vya bia vimejificha kwenye nyufa. Jumanne na Alhamisi saa 12 jioni, 2,000 mlangoni, wanawake watupu, kila mmoja na kanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi. Kocha alikuwa binti ambaye hata 25 sidhani kama alikuwa amefika. Siku ya kwanza alitusimulia kwamba Zumba ilizaliwa Kolombia, mwalimu Beto Pérez aliposahau kanda yake ya mazoezi, akafundisha kwa salsa na merenge alizokuwa nazo. "Sasa mimi salsa sina," akasema, "nina singeli."

Singeli, jamani. Midundo zaidi ya 200 kwa dakika, na mimi ndiye niliyeambiwa moyo usikimbie.

Wiki mbili nzima nilijibanza safu ya mwisho, jirani na mlango, nikicheza kwa kuutazamia mgongo wa nesi mmoja mwenye kanga ya njano. Akienda kulia, naenda kulia. Akikosea, tunakosea wote, na hakuna anayejua.

Alhamisi moja ukumbi ukafurika. Kocha, nadhani alichoka kuwaona wa nyuma tunavyotega, akapiga kofi: "Geukeni! Tazameni mlangoni!"

Na mlangoni ni kwangu.

Nikageuka na wenzangu, nikakuta mbele yangu hakuna mgongo wa mtu. Kuna mlango, na nje ya mlango kuna kijana wa baa aliyekumbatia kreti la soda, mdomo wazi. Nyuma yangu wanawake kama 30 wananitazama mimi. Nikatafuta kichwani: kulia mbili, kushoto mbili, ruka. Miguu ikakataa. Kulia gani? Jasho likaniingia machoni. Mara kinanda kikanyamaza kwenye spika, ikabaki ngoma tupu, na kabla sijafikiri lolote mguu wa kulia ukajibandika sakafuni. Wa kushoto ukainua kisigino, vidole vikabaki vinaisukuma sakafu kidogo kidogo, na kiuno kikashika njia yake. Hakikuwa na haraka. Singeli inakimbia, chenyewe kinachukua pigo moja, kinaacha matatu. Magoti yamekunjika kama ya mtu anayetaka kukalia mbuzi ya kukunia nazi halafu akaghairi. Mabega kimya, hayatikisiki hata chembe. Hayo mabega nilishayalia kofi.

Mara ya mwisho kucheza hivyo ilikuwa Kisarawe, nina miaka 14, nyumba ya udongo, madirisha yamezibwa kwa kanga.

Nikasikia sauti nyuma yangu. Shwaa. Shwaa. Raba zikiburuzwa kwenye saruji, zote kwa pamoja, polepole. Walikuwa wananifuata. Mmoja akapiga kigelegele, wa pili akadakia. Kijana wa baa alikuwa bado na kreti lake, mpaka nesi alipotoka kwenye safu akamfungia mlango kwa teke. Nadhani yote yalichukua dakika mbili. Mpaka leo nikisikia kitu kinaburuzwa sakafuni, hata fagio, mgongo unasisimka.

Muziki ulipoisha Kocha akanivamia. "Dada, ile stepu inaitwaje? Nifundishe!"

"Sijui," nikamwambia. "Imekuja yenyewe."

Nje, tukivaa madera yetu, akanisogelea mama mmoja wa Kizaramo, muuza maandazi, aliyekuwa akija kwa ajili ya sukari yake. Akaongea chini chini. "Mwanangu, unyago ulichezwa wapi?"

"Kisarawe, mama."

Akaguna. "Nimeona. Punguza kidogo. Humu wamo wasiochezwa."

Hakuwa na hasira. Alinifungia maandazi mawili kwenye gazeti na hela akaikataa.

Njia nzima nilibishana naye kimoyomoyo. Mbona Bi Kidude aliitoa ngoma ya unyago ndani akaipandisha jukwaani mpaka Ulaya, na alipofariki Aprili 2013 tulimlilia wote? Na mbona vijana wanakata viuno kwenye simu mchana kweupe? Tena presha yangu ilishuka hadi 138 kwa 86, na sidhani kama ni vidonge peke yake. Lakini bibi yangu alituapisha, na katika kiapo kile hakuweka kipengele cha presha. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua cha kuuliza.

Alhamisi iliyofuata nilihamia safu ya katikati. Pale hata Kocha akisema mgeuke mara ngapi, mbele hufiki. Nipo hapo miaka yote hii. Kinanda kikinyamaza nakitoa kile cha Kisarawe, ila kidogo, ndani ya dera, asiyejua asijue.

Mama wa maandazi naye alihamia katikati, akawa jirani yangu. Siku moja ngoma zilipobaki peke yake nilimwibia jicho, nikitegemea kukutana na lake la kunionya. Alikuwa amekodolea ukuta mbele, uso umetulia kama mtu aliye kwenye foleni ya maji. Nikashusha macho. Kisigino chake cha kushoto kilikuwa juu.

Sikusema kitu, naye hakusema.

Fundi akanigongea raba kwenye meza kuondoa vumbi la gundi. "Hii sasa itakaa. Elfu tatu. Ila usikandamize sana hapa mbele." Akanitazama. "Kwa hiyo ni cherehani, eh?"

"Cherehani," nikamjibu.