Mama aliuliza nani kafariki

Mwaka wa kwanza kutundika shada mlangoni nilimpigia mama video nimwoneshe. Mama yuko Marangu, Kilimanjaro, mimi niko Hamburg, Ujerumani, nikazungusha simu taratibu aone ule ukijani na vitunda vyekundu nilivyovihangaikia masaa mawili, nikakaa nasubiri sifa. Kimya. Halafu nasikia, "Mwanangu, hapo kwenu nani kafariki?"

Nilicheka ila mama ana haki yake, kwetu shada linakwenda kaburini, watu wa kanisani wanaitwa, wakwe wanaitwa, mnaweka mnarudi kula. Sasa wewe unalipachika mlangoni, jirani si atakuja na pole na rambirambi mkononi? Nikamweleza ni pambo la Krismasi, akasema haya, ila kwa ile sauti ya haya ambayo haijakubali.

Kumbe hakuwa mbali. Huku Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, zile Jumapili nne za kungoja Krismasi, inaitwa Totensonntag, ni siku ya kukumbuka marehemu, watu wanaenda makaburini wanafunika udongo kwa matawi mabichi na kuweka mashada. Jumapili inayofuata ndiyo Majilio ya kwanza na sasa matawi yaleyale, waya uleule, yanakaa mezani na mishumaa minne juu. Wiki moja tu hapo katikati! Nilipomwambia mama akasema si nilikwambia.

Na hiyo ya mishumaa imeanzia hapahapa Hamburg, sikujua hadi nimehamia. Mwaka 1839 kulikuwa na Johann Hinrich Wichern, alikuwa na nyumba ya kulea watoto maskini iitwayo Rauhes Haus, watoto wanamsumbua kila siku Krismasi bado siku ngapi, akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake, midogo myekundu ya siku za kawaida na minne mikubwa myeupe ya Jumapili, kila siku wanawasha mmoja. Majani yalikuja kuongezwa baadaye. Mimi kanisani kwetu nimekua naiona ile mishumaa minne ikiwashwa mmoja mmoja na wala hakuna aliyenigusia habari ya gurudumu.

Haya twende bustanini, maana kutengeneza shada ndo nilichotaka kuandika.

Tunakodi kibustani, zile Kleingarten ambazo sheria inasema kiwanja kisizidi mita za mraba 400, chetu ni kidogo kuliko hapo. Sheria nyingine inasema kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 30 Septemba huruhusiwi kuufyeka ua wa miti, unapunguza tu kidogo kwa sababu ya ndege na viota vyao. Kwa hiyo ikifika Oktoba, Novemba, mtaa mzima wa bustani unasikia mikasi, kila mtu ana lundo la matawi na hajui alipeleke wapi. Mimi nilikuwa navuta langu kwenda kutupa, bibi wa bustani ya pili akanisimamisha akaniuliza unajua haya sokoni yanauzwa bei gani? Sikujua. Akaninyang'anya toroli, jamani, bibi ana miaka themanini na kitu, akaligeuza kuelekea kwake.

Kwanza akanitolea ringi ya mabua ya ngano. Nikaiangalia nikamwambia hii kwetu ni ngata, tunaweka kichwani tukibeba ndoo. Hakunielewa, nikachukua nyuzi ndefu za Efeu, ule mmea unaopanda ukutani, nikazitoa majani nikazisokota kama tulivyokuwa tunasokota majani makavu ya mgomba tukitoka mtoni, dakika tano ngata hiyo hapo, ngumu. Bibi akaipokea akaivuta huku na huku. Tangu hapo ringi sinunui.

Kilichonishinda ni waya. Unatumia waya mwembamba wa kijani uliozungushiwa kijiti, unaufunga kwenye ringi na HUUKATI mpaka umalize, hilo alinipigia kelele mara tatu. Matawi unayakata mafupi kama urefu wa kiganja, unashika matatu manne, unayalaza, unazungusha waya mara mbili na unavuta hadi vidole viume, kisha kifungu kinachofuata kinalala juu ya vikonyo vya kile cha kwanza, hivyo hivyo upande mmoja tu unazunguka, kimoja nje, kimoja juu, kimoja ndani. Cha mwisho unakisukumia chini ya cha kwanza mwanzo usionekane. La kwanza langu sikuvuta vya kutosha, baada ya siku kumi matawi yalikauka yakasinyaa, nikifungua mlango linaangusha tawi, nikifunga linaangusha tawi. Majani unayatumia mengi kuliko unavyodhani, ringi ya sentimita 25 inakula ndoo mbili.

Sio kila mti unafaa pia. Nilichukua Fichte ya bure, mti wa huku wenye majani kama sindano, nikaiweka sebuleni karibu na hita, ndani ya wiki sindano zote ziko kwenye zulia na bado nazikuta kwenye soksi. Nordmann, mti mwingine wa sindano, ndo inavumilia, inabaki kijani muda mrefu hata ikikauka. Thuja, ule mti wa uzio, inajaza vizuri na inanukia. Efeu inang'aa. Kwa rangi nakata matunda ya waridi pori na vijiti vya ule mti wenye magome mekundu, na maua ya haidrenjia yaliyokaukia mtini yenyewe, hayo yanakuwa na rangi ya kahawia fulani ya kizee ambayo mimi naipenda kuliko mapambo yote ya dukani yanayometameta. Usiguse Eibe, mti mwingine wa huku wa kijani, kama una watoto, vile vitunda vyake vyekundu vinavutia lakini mti una sumu, mbegu na majani yake ni hatari. Nina mtoto wa miaka mitatu anayeonja kila kitu, kwetu Eibe hairuhusiwi kupita getini.

Usiku ule wa kukata matawi ninaloweka vikonyo kwenye maji, na shada likishakamilika linakaa nje. Nje kwenye baridi linafika hata mwezi na zaidi, ndani na joto la hita wiki mbili linakwisha. La mezani lenye mishumaa likishakuwa kavu naondoa mishumaa, basi, matawi makavu yanashika moto kama petroli, kila Desemba huku kuna watu nyumba zinaungua kwa hicho kitu kidogo.

Nyumbani tulikuwa tunakata tawi la msaipresi, tunasimamisha kwenye ndoo ya mchanga, maputo, halafu pamba tunaichambua tunaitupia juu eti theluji. Nilivyofika Ulaya nikajua sasa ntaiona Krismasi ile ya pamba. Hamburg inanyesha mvua tu.

Mwaka huu tunaenda Marangu wote, na nimeshamwambia mama ntatengeneza shada hukohuko kwa vitu vya shambani. Msaipresi upo, buni nyekundu kama zitakuwa zimebaki zipo, ngata ya mgomba ya kuanzia nafunga macho naitengeneza. Nikamwambia na masale mama, yapo mpakani pote, majani marefu ya kijani, yatapendeza sana yakizungushwa.

Mama akanyamaza kidogo kwenye simu.

"Masale? Mlangoni? Sasa watu wote wanarudi kwa Krismasi watapita hapo na kuuliza nani kamkosea nani, na mimi ntawajibu nini?"

Kweli, kwetu Uchagani sale ndilo jani la kuombea msamaha. Nimeyatoa kwenye listi.