Waya wa Mjomba

Mwezi Julai mwaka 2012 nilipanda basi kutoka Iringa kwenda Mbeya kwa sababu mjomba wangu, aliyekuwa amerejea kutoka Uingereza baada ya miaka mingi ya kazi, alihitaji mtu wa kumfungia redio yake, na katika ukoo wetu fundi wa redio nilikuwa mimi peke yangu, mwenye kibanda cha mbao pale Kihesa.

Nilimkuta nyumbani kwake Forest ya Zamani amevaa sweta mbili, sebule imejaa makasha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Vua viatu uje uone mali."

Spika zake zilinifika kifuani, na amplifaya niliinyanyua kwa kuhema. Kwa vitu hivyo sikuwa na la kubisha, kwani nilipoligonga kasha la spika kwa kifundo cha kidole lilinyamaza kama ukuta, ilhali masabufa ninayoletewa kibandani kila siku hulia kama debe tupu. Kilichonishangaza kilitoka ndani ya kifuko cha mahameli: waya wa spika, mita tatu kwa kila upande, mnene kama kidole gumba, ambao alikuwa ameununua kwa pauni 650. Kwa thamani ya siku zile hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, na kibanda changu chote, pamoja na redio za watu zilizokuwamo, hakikufikia bei hiyo.

Mjomba alisema kwamba waya ule huifungua sauti. Nilisubiri tumalize kula wali ndipo nikamwomba ruhusa ya kuujaribu. Nilimweleza kwamba waya wa kawaida wa milimita 2.5 za mraba, ule wa kufungia soketi, ukienda mita tatu na kurudi mita tatu una upinzani wa takriban omu 0.04, wakati spika yenyewe ina omu 8, kwa hiyo kinachopotea njiani hakifiki hata sehemu moja kwa mia. Alicheka, akanipa nauli ya kwenda Mwanjelwa. Nilirudi na waya ambao haukufika shilingi 20,000.

Tulitundika shuka mbele ya amplifaya ili asione mikono yangu. Binamu yangu alirusha sarafu ya shilingi 200: ikionyesha Karume naweka waya wa bei, ikionyesha simba naweka wa soketi. Kila mara nilizima, nikachomoa na kuchomeka upya, hata pale sarafu ilipoutaka waya uleule, na kabla ya kuanza nilipima volti kwenye spika ili sauti zilingane, maana sikio la mtu yeyote, langu likiwamo, huipenda ile iliyozidi kidogo na kuiita safi. Tulipiga sidii ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, muziki ambao Mjomba aliujua tangu ujana wake.

Mara tatu za kwanza alipatia, akampigia mkewe kelele aje ashuhudie. Kisha akaanza kusitasita, akawa anafumba macho, anainamisha kichwa, anaomba kurudiwa. Katika mara 16 alipatia 9. Alisema masikio yamechoka, nami sikuongeza neno.

Jambo lililokuwa likinikera tangu nilipoingia lilikuwa chumba. Sakafu ilikuwa saruji tupu, madirisha makubwa ya vioo, na nilipopiga kofi moja lilirudi likitetema kama bati. Nilizivuta spika zote mbili kutoka pembeni mwa kuta kiasi cha futi mbili, besi ikaacha kunguruma. Kisha nikaenda chumba cha wageni, nikabeba godoro la nne kwa sita na kulisimamisha ukutani nyuma ya kiti chake, nikawasha tena huku ule waya wa soketi ukiwa mahali pake. Sauti ya mwimbaji ikajitenga na magitaa, na nyuma yake nikasikia vidole vikiteleza juu ya nyuzi, kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika redio yoyote niliyoifungua na kuifunga. Kwa spika zile ningemtetea Mjomba mbele ya yeyote aliyemwona mbadhirifu.

Mjomba aliinuka kitini. "Umebadilisha nini?"

"Godoro, Mjomba."

Alilitazama kwa muda mrefu. Baadaye aliniagiza nirudishe waya wake mnene, nikamuuliza sababu.

"Nimeshaununua," alisema. "Unataka niufungie mbuzi?"

Niliufunga. Tukasikiliza hadi karibu saa tano usiku, baridi ikipenya chini ya mlango, mpaka mke wa Mjomba alipotokea na blanketi mkononi na kuuliza mgeni atalala juu ya nini. Nilikwenda ukutani nikalishusha godoro wimbo ukiwa katikati, na wote watatu tukausikia mwangwi ukirudi.