Mizani imegoma kwenye 94: daftari langu, wiki ya 24 hadi ya 42

Operesheni yangu ya kupunguza uzito ilikuwa katikati ya Aprili, Dar es Salaam. Siku ile nilikuwa na kilo 128, urefu sentimita 162. Mtaani wanasema "amekatwa utumbo", lakini utumbo wangu uko palepale. Kilichokatwa ni mfuko wa chakula, robo tatu yake na zaidi, ukabaki mwembamba mfano wa ndizi. Miezi mitano ya mwanzo kilo zilidondoka kama maembe ya Desemba, halafu zikagoma. Nilipogomewa nilitafuta mtu wa huku kusini, anayekula tunavyokula sisi, anieleze alipitaje hapo. Sikumpata, ndiyo maana naandika.

Mimi ni fundi cherehani, Mtwara mjini. Nyuma ya daftari la vipimo vya wateja kuna ukurasa wangu: tarehe, kilo, kiuno, nyonga, mkono. Kilo napima Jumatatu asubuhi kabla ya chai. Futi ninayo shingoni siku nzima, lakini nakiri kwamba tangu Julai nilikuwa sijajipima nayo. Macho yote yalikuwa kwenye mizani.

Wiki ya 24: 94.8

Wiki ya 25: 94.6

Wiki ya 26: 94.9. Nimepanda mara tatu. Nimeitoa mizani kwenye mkeka nikaiweka kwenye saruji. Ileile.

Wiki ya 27: 94.7

Nimefanya kosa. Nilijiambia, kama uzito haushuki basi bado nakula sana. Nikaacha samaki, nikaacha kunde, nikashinda na uji mwepesi na chai. Siku ya nne nilikuwa nakata kitambaa cha mteja, meza ikaanza kuzunguka. Nikakaa sakafuni na mkasi mkononi hadi binti ninayemfundisha kazi akaniletea maji. Nywele nazo, zilizoanza kutoka tangu mwezi wa nne baada ya operesheni, sasa zinabaki kwenye kitana kwa vifundo.

Wiki ya 28: 93.0, halafu 94.9

Shangazi yangu alinipa dawa ya kusafisha tumbo, ya majani, amenunua kwa mtu. Nilikunywa kwa sababu nilikuwa nimekata tamaa. Siku mbili nimeshinda chooni, mizani ikasoma 93.0 nikapiga kigelegele peke yangu chumbani. Siku ya tano ikarudi 94.9. Yalikuwa maji tu. Mwenye tumbo lililokatwa asiguse vitu hivi. Sisi hatuwezi kugida bilauri nzima kwa mkupuo. Lita moja na nusu naifikisha kwa kunywa funda baada ya funda tangu alfajiri, na maji yakipotea, kuyarudisha ni kazi ya siku nzima.

Wiki ya 29: 94.8

Nimempigia mtaalamu wa lishe wa kule Dar. Nilitegemea atanikaripia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, kabla hatujapunguza kitu chochote, niandikie kila kinachopita mdomoni kwa siku saba. Hata cha kuonja."

Alinieleza pia jambo ambalo lilinituliza. Mwili wa kilo 94 hautumii nguvu sawa na wa kilo 128. Njia ileile ya kutoka nyumbani hadi sokoni, zamani nilikuwa naitembea nimebeba kilo 33 zaidi. Mwili ukishaona chakula kimepungua kwa miezi, nao unabana matumizi. Na ukiunyima protini unakula misuli yake wenyewe, na misuli huchoma nguvu hata ukiwa umekaa. Kwa hiyo zile siku zangu za uji na chai nilikuwa naubomoa mwili ulewule ninaoutegemea ushushe mafuta. Operesheni haijaharibika, alisema. Watu wengi wanasimama namna hii, wengine zaidi ya mara moja, na uzito huendelea kushuka hadi mwaka au mwaka na nusu.

Wiki ya 30: 94.6

Wiki ya kuandika. Hii nitaieleza kwa kirefu.

Mama yangu yuko Tandahimba. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi, hapiti wiki bila kunitumia mzigo. Anabangua mwenyewe, anakaanga kwa chumvi, anafunga kwenye mfuko, anampa dereva. Kisha simu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Korosho umezipata? Kula, umekonda mno, watu wataniuliza."

Namimina kwenye kopo lililokuwa la maziwa ya unga, kopo linakaa mkono wa kulia wa cherehani. Navuta uzi, natupia moja. Namaliza mshono, natupia mbili. Siku tatu za kwanza nimeandika "korosho kidogo", "korosho kidogo", "korosho". Mtaalamu akanirudishia ujumbe: usiandike kidogo, pima.

Jirani yangu anaoka keki, ana mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Niliiazima. Nikatia mkono kwenye kopo kama ninavyotia kila siku, nikafungua kiganja juu ya sahani ya mizani. Gramu 28. Konzi moja ya korosho ni kalori kama 160 hivi. Siku ile nilihesabu konzi nne, na sikuwa nimejizuia wala kujiachia, ilikuwa siku ya kawaida. Gramu 112, kalori zaidi ya 600. Milo yangu mitatu yote ya siku hiyo haikuzidi 700.

Nilikaa nikiitazama ile namba kwa muda.

Nilikuwa najiuliza zimewezaje kupita. Nikila samaki na ugali, kijiko cha nne au cha tano tumbo linasema basi, na nikilazimisha kifua kinabana. Korosho haijawahi kuniambia basi hata siku moja. Inatafunika ikawa kama uji, inateremka na funda la chai, dakika chache baadaye mfuko uko wazi. Hivi ndivyo vyakula vinavyoteleza: korosho, biskuti, maandazi ya kuchovya, juisi, chai yenyewe ikiwa na vijiko vitatu vya sukari. Tumbo dogo ni mlinzi mzuri wa chakula kigumu, lakini kinachoteleza hakioni. Halafu hata njaa haikuwepo. Sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ile homoni ya njaa, ghrelini. Mikono yangu ilikuwa inakula kwa mazoea tu.

Siisemi vibaya korosho. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mikorosho ya baba, na punje ile ina protini na madini. Ila kwa aliye katika hali yangu inahesabiwa.

Upande wa pili wa daftari ulikuwa mbaya vilevile: protini gramu 35 kwa siku. Lengo nililopewa ni 60 hadi 80.

Wiki ya 31: 94.9

Kopo limehamia nyumbani, juu ya kabati. Punje kumi kwa siku, zimehesabiwa, baada ya mlo wa mchana.

Mpangilio mpya: protini kwanza, mboga zifuate, wanga mwisho kama nafasi ipo. Asubuhi mayai mawili. Saa nne mtindi usio na sukari. Mchana kipande cha samaki kisichopungua kiganja changu, na kisamvu au mchicha. Jioni kunde au mbaazi na samaki tena, au pweza wa kuchemsha aliyelainika kweli, maana pweza mgumu alishanirudi. Mchuzi wa nazi sijauacha, mimi ni mtu wa pwani, ila tui la kwanza nawapikia wengine, langu napikia tui la pili. Nakula kwenye kisahani cha chai kwa dakika 25. Sinywi na chakula, nasubiri nusu saa.

Mume wangu ameanza kula samaki wengi kuliko zamani na hajalalamika.

Wiki ya 32: 94.7

Nimepima damu hapa Mtwara. Wingi wa damu 10.9, uko chini. Nilikuwa nameza vidonge vya madini chuma pamoja na vya kalsiamu, vyote kwa wakati mmoja, tena kwa chai ya rangi. Daktari amenielekeza nitenganishe kwa saa mbili na chai ikae mbali na madini chuma kabisa, kwa sababu kalsiamu na chai huyazuia yasiingie vizuri mwilini. Vidonge hivi ni vya maisha, pamoja na vitamini B12. Sikuwa nimevisahau, nilikuwa navimeza vibaya. Uchovu niliokuwa nausingizia cherehani huenda ulianzia hapa.

Wiki ya 33: 94.5

Mazoezi. Kutembea nilikuwa natembea, lakini kutembea peke yake hakujengi misuli ya kutosha. Madumu mawili ya lita tano yakiwa yamejaa maji ni kilo tano kila mkono. Nayainua mara kumi, napumzika, mara tatu. Kisha stuli ya cherehani: nakaa, nainuka bila kushika kitu, mara kumi na mbili. Siku ya kwanza niliishia ya saba. Mara tatu kwa wiki, alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Jumamosi nashuka kwa miguu hadi Feri kununua samaki wakati mitumbwi inaingia na kivuko cha Msangamkuu kinapakia, narudi na mfuko mkononi.

Wiki ya 34: 94.4

Wiki nne za kufanya kila kitu sawasawa, na mizani imenipa gramu mia mbili. Nililia, siwezi kuficha.

Mchana nilikuwa nampima mteja, nikaandika kiuno chake, nikafunua ukurasa wangu kwa bahati. Kiuno, Julai: inchi 44. Nikamtuma binti dukani, nikafunga pazia, nikasimama mbele ya kioo cha wateja. Futi kwenye kitovu, nikapumua nje, sikubana. 41 na nusu. Sikuamini, maana najua namna ya kumdanganya mteja kwa kuvuta futi. Nikaiachia, nikazungusha upya, kidole kimoja ndani kama ninavyowafanyia wengine. 41 na nusu. Nyonga zimetoka 52 hadi 50. Mkono umebaki 15 ileile, lakini nikiukunja kuna kitu kigumu ambacho hakikuwepo.

Mizani inapima mafuta, misuli, maji na samaki niliyekula jana, vyote kwa pamoja, na haisemi kipi ni kipi. Miaka kumi na minne navisha watu nguo kwa futi, sijawahi kumuuliza mteja ana kilo ngapi.

Wiki ya 35: 94.1

Wiki ya 36: 93.4

Wiki ya 37: 92.8. Imefunguka.

Wiki ya 38: 92.1

Mvua zimeshika, Feri siendi, tope. Madumu yanaendelea.

Wiki ya 39: 92.3

Sare za shule. Kila mwaka Januari ni hivi, wazazi wanaleta vitambaa wiki ileile shule zinafunguliwa. Nimekaa kwenye cherehani hadi saa nne usiku, mlo wa mchana nimeruka mara tatu, na jioni nimekula maandazi na chai kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu. Nimeandika yote. Kuanzia kesho mayai ya kuchemsha yanakuja kazini na mimi.

Wiki ya 40: 92.5

Siku zangu zinakaribia, kila mwezi wiki hii mizani inapanda na inashuka yenyewe. Zamani ningeacha kula. Mama kapiga simu kuuliza kama korosho zimeisha. Nimemwambia bado zipo, nakula kumi kumi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nitakutumia mbaazi."

Wiki ya 41: 91.6

Wiki ya 42: 91.2, kiuno 40 na robo

Mbaazi zimefika, debe zima. Damu imepanda, 11.8. Kliniki ya Dar ni mwezi ujao, basi la alfajiri, na safari hii nataka kwenda na gauni jipya. Kitenge ninacho tangu kabla ya operesheni, nilikuwa naogopa kukikata. Leo nimekikata kwa kiuno cha 40, na ndani nimeacha kitambaa cha ziada inchi moja na nusu kila upande, ili nikilibana tena mwezi wa sita maua ya mbele yasipotee.