Mcheza drafti hakatai kula

Ligi yetu ya chesi hapa Shangani haina kombe. Aliyefungwa fainali anamnunulia mshindi supu ya pweza, biashara imeisha. Jumapili nilikutana na dereva mmoja wa malori ya korosho, mtu mzima, ambaye kwenye drafti ya vizibo Mtwara nzima wanamkwepa. Chesi kajifunza juzi tu na tayari anatutoa jasho.

Nyeupe zilikuwa zangu, saa ya simu, dakika 15 kila mtu. Nikamfungulia Evans.

Ufunguzi huu aliubuni nahodha wa meli kutoka Wales, William Evans, miaka ya 1820. Vijana wa mtandaoni wanauita wa kizee. Sawa, lakini mwaka 1995 kule Riga, Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, alimfunga nao Viswanathan Anand kwa hatua 25, na Anand si mtu wa kufungwa ovyo.

Kila mraba wa ubao una herufi yake na namba yake. Nyeupe anaanza askari e4, nyeusi anajibu e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, askofu c5. Hapo nyeupe anasukuma askari b4, mdomoni kabisa mwa askofu. Akimla, unasogeza c3, askofu anakimbia, nawe unapata wasaa wa kuteka katikati ya ubao.

Niliuchagua makusudi. Kwenye drafti kula ni lazima, na mkono uliozoea hivyo miaka yote hauachi kitu. Kweli, alikula b4, akarudi a5. Nikasukuma d4, akala. Nikaficha mfalme, akala c3 huku anacheka: "Dogo, leo unagawa sadaka?" Malkia wangu b3, wake f6. Nikasukuma e5. Angepeleka malkia g6 ningeumiza kichwa. Akala kwa farasi.

Ngome e1. Farasi wake akanasa palepale: akiondoka tu, ngome yangu inamwona mfalme nyuma yake. Akamkinga kwa askari d6. Malkia b5, cheki, mfalme yuko hatarini! Na askofu wa a5, asiye na mlinzi, naye yuko mdomoni mwa malkia huyohuyo. Kicheko kikakata. Askari wanne nilikuwa nimetoa, lakini vipande vyake vya upande wa mfalme vilikuwa bado vimelala, na hakufika mbali.

Kwenye supu akaniuliza dawa yake. Nikamwambia ipo: b4 ikija, mrudishe askofu b6, yule askari muache.

"Nimuache? Yuko wazi vile?"

"Muache, kaka."

Akavuta bakuli. "Huo sasa si mchezo."