Jinsi nilivyojifunza kuyasoma mabirika ya Rabadha

Nilipokuwa nikisoma Madina, wanafunzi wenzangu wa Afrika Mashariki walilijua jina la Rabadha, mji wa kale wa jangwani Uarabuni, kwa sababu ya Sahaba Abu Dharr al-Ghifari, aliyefia huko mwaka 32 Hijria. Wachache walijua kwamba hapo palikuwa pia kituo kikubwa cha maji katika Darb Zubayda, njia ya mahujaji ya takriban kilomita 1,400 kutoka Kufa hadi Makka. Nilitaka kuelewa jinsi misafara ya watu na ngamia ilivyonyweshwa katika nchi isiyo na mto unaotiririka mwaka mzima.

Niliomba ruhusa mapema, kwa kuwa mabaki hayo ni urithi unaolindwa, kisha nikafuatana na mzee mmoja mfugaji wa ngamia hadi huko, kiasi cha kilomita 200 kutoka Madina. Mimi nilitamani kuliona kwanza birika la duara, yaani hodhi la kukusanyia maji, lenye kipenyo kinachokaribia mita 65. Yeye alinishauri tuanze kule maji yanakotoka, na ushauri huo ndio ulionifungulia mlango wa kuelewa.

Mvua za jangwani hunyesha kwa nadra na kwa nguvu, hivyo bonde kavu hufurika kwa saa chache tu. Wajenzi wa njia ile waliyakinga mafuriko kwa kuta, wakayaelekeza kwenye mifereji, na penye mabirika yaliyokamilika maji yalipita kwanza katika birika dogo ili mchanga na tope vitulie chini, ndipo yakaingia katika birika kubwa la mawe lililopakwa chokaa. Ngazi zilizojengwa ndani ya mabirika mengi zilimwezesha mtekaji kuyafikia maji hata yalipopungua. Hilo birika dogo la kutulizia tope ndilo ninalolistahi kuliko yote, kwa sababu bila hilo kazi nzima ingefukiwa na mchanga.

Sifa ya njia hii amepewa Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid aliyetawala kuanzia 786 hadi 809, na anastahili, ingawa makhalifa wa Bani Abbas waliotangulia walikwisha kujenga vituo na mabirika. Rabadha yenyewe ni ya kale zaidi: Khalifa Umar aliitenga kuwa malisho yaliyohifadhiwa kwa mifugo ya dola. Mji uliharibiwa mwaka 319 Hijria, na uchimbaji wa Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, ulioanza 1979, ulifichua nyumba zilizokuwa na visima vya kuhifadhia maji chini ya sakafu.

Anayetaka kwenda nampa ushauri ule ule niliopewa: aende majira ya baridi, abebe maji ya kutosha, asikanyage kingo za chokaa, na afuate mfereji kutoka bondeni, akichora kila mahali maji yanapogeuka kabla ya kulifikia birika lenyewe.